Nataka kupanda maua, nianzie wapi?

SWALI: Shangazi, tangu mamangu aage usiku silali, niko na kaploti nyuma ya nyumba huku Bahati, Nakuru, nataka maua ya kukata niweke mezani lakini sijawahi panda hata sukuma.

JIBU: Pole sana mwanangu. Anza na zinia, hizo hazina maringo, fukia mbegu sentimita 1 hivi mahali jua linapiga na ndani ya wiki utaziona zimechungulia. Zikifika sentimita 25 kata kichwa, najua roho itauma lakini ndiyo zitoe matawi. Baada ya miezi 2 hivi zikichanua, tikisa shina la ua, likilegea ngoja, likisimama imara kata asubuhi mapema, na ukizidi kukata zinazidi kutoa. Ukilia ukipalilia lia tu, chunga kuku wa jirani.