Leseni Haivuki Mpaka Peke Yake

Shangazi, mimi ni muuguzi, miaka 38, watoto wawili. Mshahara unachelewa kwa miezi, na wenzangu watatu wa wodini wameshahama nchi. Mume wangu anasema tuvumilie, mambo yatatengemaa. Niondoke?

Mwanangu, anza makaratasi leo. Kuwa nayo si kuondoka. Vyeti kuhakikiwa, mtihani wa lugha, usajili wa kiuuguzi huko uendako: hayo hula miezi mingi, na mumeo atapata muda wa kuona kama kweli mambo yanatengemaa. Ila kabla ya kutia saini mkataba, uliza kama viza inaruhusu watoto. Mimi niliondoka peke yangu. Niliporudi, kitinda mimba wangu aliniamkia kama mgeni (ananitania hadi leo). Pasipoti zao kwanza, yako baadaye.