Kurumbiza Wawili, Bustani Moja

Barua nyingi safari hii zinahusu ndege wawili: kurumbiza nyusi-nyeupe na ndugu yake, kurumbiza wa Rüppell.

Ndege wa bustanini kwangu Nairobi ana kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi na mstari mweupe juu ya jicho. Ni yupi?

Sifa hizo wanazo wote wawili. Tazama mkia anapogeuka. Wote mikia yao ni ya rangi ya kutu, lakini manyoya mawili ya katikati ni ya kahawia kwa nyusi-nyeupe na meusi kwa Rüppell, ambaye mgongo wake nao umekoza zaidi. Ukubwa usiutegemee: Rüppell ni mdogo kidogo tu.

Je, nyimbo zao zinatofautiana?

Sana, na mimi huuamini wimbo kuliko rangi, maana wote hukaa vichakani na huimba hasa alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu. Nyusi-nyeupe huanza kwa sauti ya chini, akarudia kipande kilekile, kila mara akipandisha, mpaka bustani nzima inajaa. Dume na jike mara nyingi huimba pamoja kwa mpangilio mzuri hata ukadhani ni ndege mmoja. Raha iliyoje kuwasikia! Rüppell ni mwigaji hodari: huchukua sauti za ndege wa jirani na kuziunga katika wimbo wake. Ukisikia ndege watatu au wanne kichakani na unamwona mmoja tu, mshuku yeye.

Nipo Mwanza. Nitawaona wote?

Hapana, huko tarajia nyusi-nyeupe, ambaye ameenea hadi kusini mwa Afrika. Rüppell ni wa Ethiopia, nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kama Arusha.

Wangu wa Limuru ana tumbo la kijivu.

Huyo ni jamaa yao wa tatu, aitwaye kwa Kiingereza *Cape robin-chat*. Chungwa lake huishia kifuani.

Niwaite kwa kuwachezea sauti yao kwenye simu?

Tafadhali usifanye hivyo, hasa wakati wa kutaga. Ndege hudhani mpinzani amevamia eneo lake, akaacha kutafuta chakula ili amfukuze. Afadhali usifagie majani makavu chini ya vichaka. Humo ndimo wanamookota mchwa, chungu na mbawakawa.