Maswali na Majibu: Nani Atashika Kibendera Kwenye Kona?

Barua nyingi za mwezi huu zina wasiwasi mmoja: kama mbio ndogo za baiskeli za barabarani, zile za vilabu na za wasiolipwa, zitakuwepo miaka kumi ijayo. Nimechagua tano.

Kila msimu mbio zinapungua kwenye kalenda yetu. Vijana wameacha kupenda baiskeli?

Hawajaacha. Wanaopungua ni waandaaji. Mbio za klabu hubebwa na watu wawili watatu: hao hao hufuatilia kibali, huongea na polisi, hutafuta gari la wagonjwa, huchora mstari wa mwisho na jioni huokota takataka. Wakichoka, au mmoja akihama, mbio hufa kimyakimya.

Chukua kona moja tu. Lazima asimame mtu pale, ana kibendera na filimbi, saa tatu juani. Kundi linapita kwa sekunde kumi, kisha halionekani tena kwa dakika ishirini. Katikati ya hapo dereva anayewahi safari yake anapiga honi, na mtu wetu inabidi amweleze kwa upole kwamba asubiri. Mzunguko wa kilomita 12 unaweza kuwa na kona na makutano kumi ya namna hiyo. Ikikosa mtu hata moja, mwamuzi makini haanzishi mbio, na mimi nitamuunga mkono.

Ada ya kushiriki imepanda mno. Fedha zinakwenda wapi?

Kwenye bima, gari la wagonjwa na ulinzi wa barabara. Gharama hizi hazipungui wakija watu 30 badala ya 90, ndiyo maana anayesubiri usiku wa mwisho kujiandikisha humtesa mwandaaji hata kama analipa. Bima na gari la wagonjwa visiguswe. Lakini chipu za kupimia muda zinaweza kuachwa: kwa kundi la watu 50, kamera moja mstarini na makarani wawili wenye kalamu wanatosha.

Mbio za changarawe, zile za barabara zisizo na lami, zinatunyang'anya washiriki. Tufanye nini?

Tujifunze kwao. Mbio za changarawe za Emporia, Kansas, Marekani, zilianza mwaka 2006 na waendeshaji 34. Leo huvuta maelfu. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likaandaa ubingwa wa dunia wa changarawe kwa mara ya kwanza. Magari machache barabarani ni sababu moja ya watu kuzipenda. Nyingine ni kwamba wote huondoka pamoja, na anayefika giza likiwa limeingia bado hupigiwa makofi. Sisi wa lami tumezoea kumtoa aliyeachwa, na tunalipia tabia hiyo.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Niliachwa na kundi mzunguko wa kwanza, mwamuzi akanitoa. Nirudi kwa nini?

Pole sana, dada. Kuachwa kule hakumaanishi wewe ni dhaifu kama ulivyojiona. Anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, pengine robo au zaidi. Ukiachwa na gurudumu la mbele yako kwa mita chache tu, upepo wote unakuwa wako peke yako, na pengo dogo la nguvu linageuka dakika nzima. Kwa kawaida hutokea baada ya kona, pale wazoefu wanapokanyaga kwa nguvu na mgeni bado ameshika breki. Fanya mazoezi ya kutoka kwenye kona ukiwa katika kundi dogo, kabla ya kuongeza kilomita.

Waandaaji nao wana deni kwako. Wageni wawe na mbio zao, na ndani yake awepo mzoefu asiyeshindania ushindi, anayewaambia lini wasogee na lini watulie. Walioachwa waachwe waunde kundi lao, wamalize, majina yao yaandikwe. Nikiambiwa nibadilishe jambo moja tu msimu ujao, nitabadilisha hili.

Tumenyimwa kibali cha kufunga barabara. Ndiyo mwisho?

Hapana. Uingereza, vyama vya baiskeli vilikataza kwa miongo mingi mbio za kundi kwenye barabara za umma. Waendeshaji wakashindana na saa alfajiri, mmoja mmoja, wakipishana dakika. Ilipofika 1942 mwendeshaji Percy Stallard akaandaa mbio za kundi kutoka mji wa Llangollen, Wales, hadi Wolverhampton, England, akafungiwa na chama chake, na mwaka huo huo likazaliwa shirikisho jipya la kutetea mbio hizo.

Nanyi anzeni na mbio za kushindana na saa. Mtawaeleza polisi na mtahitaji bima, lakini hamtahitaji kufunga barabara. Halafu ombeni mzunguko mfupi sehemu yenye viwanda, siku visipofanya kazi. Na wekeni sharti: anayetaka namba ya kushindana msimu huu atoe siku moja ya kushika kibendera. Orodha ya watu wa kona ijae kwanza, ndipo mfungue usajili wa washindani.