Meno Yanayocheza: Je, Yang'olewe Yote?

SWALI: Daktari, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa miaka 48, mkazi wa Tanga, na nina kisukari kwa mwaka wa sita sasa. Fizi zangu zimetoka damu kwa muda mrefu. Tangu mwaka jana meno ya mbele ya chini yanacheza, na gego moja la juu linauma ninapotafuna. Nimeambiwa ugonjwa wa fizi umeshakula mfupa. Ndugu zangu wananishauri niyang'oe yote, niweke ya bandia. Je, meno yaliyofikia hapo yanaweza kudumu?

JIBU: Mama, nakusihi usikubali kung'olewa meno yote kabla fizi hazijatibiwa na kupimwa upya. Jino huweza kucheza kwa sababu mfupa umepungua, lakini pia kwa sababu fizi imevimba, na uvimbe ukiisha, jino lililokuwa likitikisika mara nyingi hukaza kiasi.

Mwaka 1978 madaktari wa Marekani, Hirschfeld na Wasserman, walichapisha habari za wagonjwa 600 wa fizi waliowafuatilia kwa wastani wa miaka 22. Wengi wao walianza na ugonjwa uliokomaa. Hata hivyo, katika muda wote huo walipoteza takriban meno 7 tu kati ya kila 100 kwa sababu ya fizi. Walikuwapo wagonjwa wachache, 25, ambao kila mmoja alipoteza meno 10 au zaidi ingawa walihudumiwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi kila jino.

Tiba huanza kwa kuondoa ugaga, hasa ule uliojificha chini ya ufizi, kwa ganzi. Baada ya miezi miwili au mitatu daktari hupima tena kina cha mifuko iliyo kati ya jino na ufizi kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita: milimita 3 au pungufu ni hali njema, ilhali 6 na kuendelea huhitaji kazi zaidi, pengine upasuaji mdogo. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi. Tunachotafuta ni kuzuia usiendelee kuliwa. Fizi zikinywea, meno yataonekana marefu, mianya itajitokeza na maji baridi yatakusumbua kwa muda. Hapo ndipo wengi husema kwamba kusafishwa ndiko kulikolegeza meno, wakaacha matibabu, jambo linalonisikitisha sana kwa kuwa mianya hiyo ilikuwapo tangu awali, imezibwa na ugaga na uvimbe.

Meno yako ya mbele yakiendelea kukusumbua, yanaweza kuunganishwa kwa waya mwembamba ili yasaidiane. Gego la juu ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu lina mizizi mitatu, na ugonjwa ukifika pale mizizi inapoachana, mswaki haufiki tena. Huenda likang'olewa hilo peke yake.

Kinachohifadhi meno kwa miaka mingi ni kurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu au minne, hata kama huumwi, kwa sababu bakteria hurejea mifukoni taratibu baada ya kusafishwa. Nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku bila kuogopa damu, na upitishe vibrashi vidogo katika mianya kila siku. Kisukari kisichodhibitiwa huharakisha kuliwa kwa mfupa, na fizi zenye maradhi nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Basi mweleze daktari wako wa kisukari kuhusu fizi, na umpelekee daktari wa meno majibu ya kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi mitatu iliyopita. Ikiwa unavuta sigara au unatumia tumbaku ya kutafuna, acha.

Utakaporudi hospitalini, omba kila jino lipimwe na upigwe picha ya eksirei, kisha daktari akuonyeshe lipi linabaki na lipi linaondoka.