Binti amenyamaza baada ya upasuaji wa ubongo

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka saba alikuwa akitapika kila asubuhi na kuyumba akitembea, akatibiwa malaria mara kadhaa kabla ya picha kuonyesha uvimbe kisogoni. Uvimbe wote ulitolewa, na maabara ikasema ni meduloblastoma, aina ya saratani ya ubongo. Baada ya upasuaji aliongea vizuri, kisha siku ya tatu akanyamaza. Sasa ni wiki ya tatu hasemi neno. Mama mkwe anataka tumrudishe nyumbani hadi aseme, ndipo tufikirie mionzi. Tufanyeje? – Mama Mtoto, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Hali hii madaktari wa ubongo wanaifahamu: takriban mtoto mmoja katika kila wanne wanaotolewa uvimbe huu hunyamaza siku chache baada ya upasuaji, akawa mlegevu, akalia bila kutulizika, pengine hata kumeza kukamtatiza. Hajarogwa, na hali hii hutokea hata upasuaji ukifanywa kwa ustadi. Kwa kawaida sauti hurudi baada ya wiki au miezi, kwanza kwa neno mojamoja, ingawa usemi waweza kubaki wa polepole. Kwa hiyo ombeni mtaalamu wa matamshi aanze naye sasa. Zungumzeni naye kama kawaida, wala msimjadili mbele yake kana kwamba hasikii.

Lakini kungoja aseme ndipo mionzi ianze, hapana, nakusihi. Seli za uvimbe huu husafiri katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, hivyo zinaweza kubaki hata pale picha inapoonyesha pamekuwa safi. Ndiyo sababu mtoto wa umri wake hupigwa mionzi kichwa kizima na uti wote wa mgongo, kisha ikaongezwa pale uvimbe ulipokuwa, siku tano kwa wiki kwa wiki sita hivi, na inafaa ianze kati ya wiki ya nne na ya sita baada ya upasuaji. Nyinyi mko ya tatu. Foleni ikiwa ndefu, ombeni rufaa ya Nakuru au Nairobi siku hiyohiyo.

Baadaye huja kemotherapia, yaani dawa za kuua seli za saratani. Dawa mojawapo, cisplatin, hudhuru masikio, kwa hiyo apimwe usikivu mapema. Ikiwa saratani haijaenea, watoto zaidi ya saba katika kumi wanaomaliza matibabu yote huwa hai miaka mitano baadaye.

Akianza tena kutapika asubuhi au kusinzia kupita kiasi, mpelekeni hospitali mara moja, kwani huenda maji yamejaa kichwani.