Ukiambiwa "Subiri, Roma Itabadilika"

Vipimo vyake bado vimo katika daftari langu: shingo 16, mabega 19, urefu wa kanzu 58. Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, kibanda changu kiko upande wa Kondele, na kazi ambayo imenilipia kodi miaka yote ni ya kanisa: majoho ya kwaya, vitambaa vya altare, sare za akina mama, kanzu za mapadri. Huyo ninayemsema ni padri, alikuja kupimwa mwaka 2016. Jina lake sitalitaja, wala parokia yake. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, naye vilevile.

Kilichonifanya niandike ni binti mmoja aliyekuja juzi kupunguziwa sketi. Alikaa kwenye stuli, akachezea simu, kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Anti, eti ni kweli mapadri wataruhusiwa kuoa?" Msichana wa miaka 24 haulizi swali hilo kwa kupenda elimu ya dini. Nikaondoa mguu kwenye kanyagio. Niliyomwambia ndiyo haya, ila mengine niliyakumbuka akiwa ameshaondoka.

Mapenzi yetu yalianzaje sitasimulia. Yalianza kama ya watu wengine, kwa simu za saa tano usiku. Nitasimulia tulivyoishi nayo. Nilikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, kwa hiyo kila Jumapili nilimwona mbele yangu hatua chache tu, nami nimeshika kitabu cha nyimbo kama mgeni. Kwenda kupokea Komunyo niliacha. Mama aliona, akanyamaza, akawa ananitazama tu watu wanapoinuka kwenye mabenchi. Baba alipofariki, Fada alikuja Yala kutuzikia. Aliongoza Misa vizuri, akamsifu mzee, akanipa mkono wa pole kama alivyowapa ndugu zangu wote, wala si kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaketi kwenye hema la wageni pamoja na mapadri wenzake, nami nikapita na trei ya soda nikisema, "Karibu, Fada." Akajibu, "Asante sana, mama." Mama! Nilikuwa na miaka 31. Usiku ule nililia, watu wakidhani ninamlilia baba, na nusu ya machozi kweli yalikuwa ya baba.

Kila nilipochoka alikuwa na neno moja: "Subiri kidogo, Roma itabadilika." Yaani Papa atawaruhusu mapadri kuoa. Na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alinifungulia Mathayo sura ya 8, Yesu akimponya mama mkwe wa Petro. Nani ana mama mkwe bila kuwa na mke? Alinisomea Timotheo wa kwanza, askofu awe mume wa mke mmoja. Akanieleza kwamba useja wa mapadri, yaani kuishi bila kuoa, ni sheria ya nidhamu ya Kanisa la Kilatini, ndilo hili letu la Roma, si fundisho la imani kama Utatu. Kwamba kwa karne nyingi walikuwako mapadri wenye wake. Kwamba ni Mtaguso wa Pili wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1139, uliotamka kuwa ndoa ya mtu aliyekwisha kupewa daraja takatifu, kama upadri, si ndoa. Sheria iliyowekwa na watu, alisema, watu hao hao wanaweza kuiondoa.

Yote hayo ni kweli. Nimeyachunguza baadaye, sikuona mahali aliponidanganya. Ila alinionyesha ukweli kama muuza vitenge mjanja anavyoonyesha kitambaa: upande wenye maua ukanikabili, ule wenye kasoro akaukunjia ndani.

Oktoba 2019 maaskofu wa eneo la Amazon, Amerika ya Kusini, walikutana Roma na Papa Fransisko. Kule misitu ni mikubwa, mapadri ni wachache, na kuna vijiji vinavyokaa miezi mingi bila Misa. Wakapiga kura, 128 wakikubali na 41 wakikataa, wakapendekeza wanaume wenye familia imara wapewe upadri kwa ajili ya sehemu za mbali. Alinitumia habari hiyo saa kumi na moja alfajiri. "Umeona?" Nikaona. Jumapili hiyo baada ya Misa nilipita soko la Kibuye, nikanunua mita nane za leisi nyeupe, na sikumwambia mtu ni za nini.

Februari 2020 Papa alitoa barua yake kuhusu Amazon, na jambo hilo hakuligusa. Mwezi uliofuata korona ikaingia nchini, makanisa yakafungwa, kwaya zikanyamaza, nikawa ninashona barakoa kutwa kucha. Siku moja katekista mzee aliyenifundisha kipaimara alipita kuchukua za familia yake. Tukazungumza habari za Roma, nikalalamika kwamba Papa amewavunja moyo mapadri wanaotaka kuoa. Mzee akavua miwani.

"Mwanangu, soma vizuri. Walisema waliooa wafanywe mapadri. Hawakusema mapadri waoe."

Nikamwuliza kuna tofauti gani. Hakunijibu upesi. Alinitazama vile mama alivyokuwa akinitazama wakati wa Komunyo, na hapo nikajua kwamba anajua.

Tofauti yenyewe ni hii, na ukisahau mengine yote ninayoandika hapa, hili ushike. Katika Makanisa ya Mashariki, yawe yale yaliyo chini ya Papa kama la Wagiriki Wakatoliki wa Ukraine, au ya Waorthodoksi ambao hata hapa Magharibi ya Kenya wana parokia zao, padri mwenye mke ni jambo la kawaida. Lakini alioa kwanza. Ndoa hutangulia, daraja hufuata. Aliyepewa upadri akiwa kapera hubaki kapera, na padri akifiwa na mkewe kwa kawaida haoi tena. Wale makasisi wa Kianglikana waliopokewa katika Ukatoliki pamoja na wake zao, ambao Papa Benedikto wa 16 aliwawekea utaratibu mwaka 2009, nao walikuja wakiwa na familia tayari. Wazee wa Amazon waliopendekezwa ni baba za watu. Kwa hiyo hata Roma ikibadilika kesho asubuhi, mlango unaozungumziwa ni wa kijana ambaye bado yuko seminari, au wa mzee wa jumuiya mwenye mke na wajukuu. Padri anayekupigia simu saa tano usiku hayumo kwenye hesabu hiyo. Hajawahi kuwamo.

Miaka minne nilikuwa nimekaa kituoni nikingoja matatu ya njia nyingine.

Sasa utaniuliza: wewe mwenyewe unaonaje, waruhusiwe ama wasiruhusiwe? Mimi naona waachiwe wachague kabla ya daraja, kama Mashariki. Kuna vijana wengi wazuri wanaoacha seminari katika miaka ya mwisho kwa sababu hiyo moja tu, na wakawa walimu hodari, na Jumapili ndio wanaosoma masomo kwa sauti inayosikika hadi nyuma. Kanisa limepoteza mapadri pale. Lakini sipendi maneno ya wale wanaosema useja hauwezekani kwa Mwafrika. Kardinali Otunga alizaliwa kwa chifu wa Kibukusu mwenye wake wengi, akatoka katika boma lililojaa mama, akaishi mseja hadi alipofariki mwaka 2003, na leo kuna mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Wapo wanaouweza. Ninashonea kadhaa.

Wala sikubali kwamba ndoa ni dawa ya kila kitu. Jirani yangu hapa ni mke wa kasisi wa Kianglikana. Wamehamishwa mara nne, na kila uhamisho watoto wamebadilisha shule. Mgeni akija nyumba ya kanisa ni yeye anayepika; Umoja wa Akina Mama ukikosa mwenyekiti ni yeye; sadaka ikipungua mwezi huo, mshahara wa mumewe unangoja na karo inangoja. Akivaa gauni jipya Jumapili, wanauliza pesa zimetoka wapi. (Gauni hilo nililishona mimi, kwa mkopo.) Sisi Wakatoliki tunaonung'unika tukichangishwa matairi ya gari la paroko, sijui kama tumewahi kukaa tukapiga hesabu ya karo kama angekuwa na watoto watatu. Na mali ya kanisa je? Mojawapo ya sababu zilizowafanya wazee wa zamani kukaza sheria hii ilikuwa hofu kwamba wana wa mapadri watarithi mashamba ya Kanisa. Anayezijua kesi za ardhi za huku kwetu hatacheka hofu hiyo.

Turudi kwako, kama tayari umo ndani. Sikwambii umwache leo. Najua hutanisikia, maana hata mimi sikumsikia mtu. Mwombe kitu kimoja tu: barua. Padri anayetaka kuoa anayo njia. Anamwandikia askofu wake, ombi linapelekwa Roma, na ruhusa ya kuondolewa wajibu wa useja inatolewa na Papa peke yake. Huchukua muda, na huuma. Anaacha nyumba ya parokia na kazi aliyoisomea miaka yote, na mama yake anayekaa kiti cha mbele kila harambee atalazimika kuhama kiti. Upadri wenyewe haufutiki. Hata akisharudi kuwa mlei, yaani muumini wa kawaida, anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Lakini njia ipo, na waliopita humo wamefunga ndoa kanisani mchana kweupe. Anayetaka kutoka huandika. Wangu mimi alikuwa akieleza historia.

Ukiambiwa mfunge ndoa ya siri, kwa msajili wa ndoa au kwa mahari kimyakimya huko kwenu, ujue kwamba kwa Kanisa hiyo si ndoa, na padri anayeijaribu anasimamishwa huduma na sheria yenyewe, kabla hata askofu hajainua kalamu. Utakuwa mke wa mtu asiye na kazi na asiye na ruhusa, tena mwenye siri.

Wengine watakutajia Milingo, kana kwamba yeye ni ushahidi. Askofu mkuu huyo wa Zambia alimwoa Maria Sung mwaka 2001 katika sherehe ya dhehebu la Mchungaji Moon wa Korea, kule New York. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi kwa Papa Yohane Paulo wa Pili, na yule mama yuko Roma amegoma kula, akidai aonyeshwe mume wake. Mwaka 2006 Milingo alitoka tena, akawapa uaskofu wanaume wanne wenye wake, akatengwa na Kanisa. Watu wakikumbuka habari hiyo humkumbuka yeye. Mimi humkumbuka yule mwanamke mwenye njaa.

Na kama kuna mtoto, usikubali mtoto awe siri ya watu wawili. Ibara ya 53 ya Katiba yetu inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au hawajaoana, na haikuandika "isipokuwa padri". Mwaka 2019 Vatikani yenyewe ilikiri kwamba inao mwongozo kuhusu mapadri waliozaa, na msingi wake ni maslahi ya mtoto. Nenda kwa askofu na mtu mzima wa kwenu, shangazi au mjomba. Usiende peke yako, na usiende na hasira. Nenda na cheti cha kuzaliwa.

Mimi niliomba barua Juni 2020. Akasema atafikiria. Januari akahamishwa, akanitumia ujumbe mrefu wenye Zaburi mbili ndani. Ile leisi ilikaa kabatini zaidi ya mwaka, halafu nikamshonea mtoto wa dada yangu gauni la Komunyo ya kwanza, ikabaki mita mbili, hizo nikatia pazia. Komunyo nimerudi kupokea. Niliungama kwa padri mmoja mzee sana asiyesikia vizuri, ikabidi niseme kwa sauti, na nadhani foleni yote ilinisikia.

Mwaka jana boda mmoja alifika kibandani na mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na kanzu nyeusi yenye mshono wangu. "Anasema inambana tumboni," boda akasema. Kanzu ilikuwa pale mbele yangu, daftari sikuhitaji kulifungua. Nikaachia inchi moja kila upande, nikapiga pasi, nikamwambia boda bei ni mia nane. Ikalipwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, na aliyetuma alikuwa ameongeza hamsini, nikamrudishia boda.