Kwa nini mistari ya BASIC inakwenda 10, 20, 30 na siyo 1, 2, 3

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini mistari ya BASIC (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inapewa namba za kuruka kumi kumi, kwa nini ukiandika bila namba mashine inajibu papo hapo, na kama namba zenyewe ni lazima. Nitajibu kwa GW-BASIC, toleo la BASIC la Microsoft, maana ndiyo niliyosomea kwenye darasa la kompyuta Kariakoo miaka ya tisini, na baadaye nikawafundishia vijana wa mtaani kwetu.

BASIC ilianza mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Walioitunga ni John Kemeny na Thomas Kurtz, wakiwalenga hata wanafunzi wasiosoma sayansi. Mwanafunzi hakuwa na skrini. Alikaa kwenye mashine ya taipu iliyounganishwa na kompyuta, na kila alichoandika kilibaki kwenye karatasi, hakuna kurudi juu kufuta. Marekebisho yote yakapitia kwenye namba. Ukitaka kubadili mstari wa 30, unaandika 30 upya na maneno mapya, ule wa zamani unaondoka. Ukiandika 30 tupu ukabonyeza Enter, umeufuta. Hata ukianza kuandika 40 kabla ya 10, mashine inaipanga yenyewe.

Chukua hesabu ya nauli ya daladala, tuseme 600 kwa kichwa (REM ni maelezo tu, INPUT inauliza, LET inakokotoa, PRINT inaonyesha):

10 REM HESABU YA KONDA
20 INPUT "ABIRIA WANGAPI", A
30 LET N = A * 600
40 PRINT "JUMLA SH.", N
50 END

Umemaliza, ndipo unakumbuka kwamba gari likiwa tupu hakuna haja ya kupiga hesabu. Unaandika tu:

25 IF A = 0 THEN 50

Piga LIST, amri ya kuonyesha programu yote, utaukuta umekaa kati ya 20 na 30. Ungetumia 1, 2, 3, ungeuweka wapi? Nafasi zikikuishia kuna RENUM, inapanga namba upya pamoja na zile zilizotajwa ndani ya mistari. Wenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, hawakupewa amri hiyo, kwa hiyo pole yao.

Angalia tena huo mstari wa 25. Namba 50 pale ni mahali pa kurukia. Futa mstari wa 50 halafu jaribu kuendesha programu, ukijibu abiria 0 utaambiwa "Undefined line number in 25". Hapo ndipo wengi wanapotea, hasa GOTO (amri ya kurukia mstari mwingine) zikishakuwa nyingi. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliishambulia GOTO tangu 1968, na kwa programu ndefu namuunga mkono. Kwa mistari ishirini ya mtu anayeanza, mimi sioni dhambi.

Swali la pili ni jepesi. Mstari wenye namba unahifadhiwa kwenye kumbukumbu kusubiri RUN, amri ya kuendesha programu. Usio na namba unatekelezwa hapo hapo. Andika PRINT 7*8 upate 56. Sisi tuliitumia kama kikokotoo.

La tatu: QBasic, toleo la baadaye la BASIC lililokuja na mfumo wa kompyuta wa MS-DOS 5 mwaka 1991, haikulazimishi namba. Kwenye GW-BASIC huna ujanja.

Kitu kimoja ambacho hujauliza ila kitakusaidia. Kwenye GW-BASIC unaweza kupandisha kasa (alama ya kwenye skrini inayoonyesha unapoandika) hadi kwenye mstari uliotoka kwa LIST, ukabadili 30 iwe 35, ukabonyeza Enter. Ule wa 30 unabaki na wa 35 unazaliwa, yaani umenakili bila kuandika upya. Ila usipobonyeza Enter ukiwa juu ya mstari wenyewe, unachokiona kwenye skrini sicho kilichomo kwenye kumbukumbu.

Na kwa umeme wetu huu, hifadhi kabla ya RUN: SAVE "NAULI",A. Hiyo A ya mwisho usiiache, ndiyo inayohifadhi programu kama maandishi ya kawaida ambayo hata Notepad inafungua. Ukikwama, bandika hapa LIST yako nzima tuione.